ISO 100 Haijawahi Kuingia Jikoni kwa Magokoro

Wacha niseme hii kitu mapema ndio mwenye kukasirika akasirike mapema: ISO 100 imeharibu picha nyingi za Kisii na Nyamira kuliko ISO 1600. Najua umefundishwa kinyume. Kila msee mwenye kamera hapa, kutoka Daraja Mbili hadi Keroka, anaijua ile sheria kama Baba Yetu: weka ISO chini, picha iwe safi. Ukiipandisha zinaingia zile chembechembe tunaita noizi, na ukishakuwa na noizi wewe si mpiga picha, wewe ni mtu tu ako na kamera.

Hiyo sheria tuliitoa YouTube. Si uongo, ni ukweli wa mahali pengine. Jamaa anayekufundisha ameketi kwa chumba cha kuta nyeupe, dirisha kubwa kama mlango wa duka, taa mbili zimemwangalia. Ama ako nchi ambayo jua linachukua jioni nzima kuzama. Sisi tuko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Jua la Kisii linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na karibu saa moja, mwaka mzima, na likishazama una dakika kama ishirini kabla giza lifunge duka. Na hiyo ni siku ambayo haikunyesha. Hii milima yetu inapata zaidi ya milimita 1500 za mvua kwa mwaka, na mvua yenyewe inapenda alasiri, saa ile harusi ndio inafika kwa keki.

Sasa ISO ni nini? Jina ni la shirika la kimataifa la viwango, wale wale wa kila kitu. Enzi za filamu Wamarekani walipima kwa ASA na Wajerumani kwa DIN, halafu mwaka 1974 vipimo hivyo viwili vikaunganishwa vikawa ISO. Kwa filamu ilikuwa ndoa: ukiweka roli ya 100 umekaa nayo mpaka picha zote 36 ziishe. Kamera ya dijitali ikaleta uhuru wa kubadilisha kila picha, 100, 200, 400, 800, 1600, kila hatua mara mbili ya iliyotangulia. Lakini watu bado wanaishi na ile roli moja.

Fikiria redio ndogo ya betri, umeweka Egesa FM. Ukiwa mahali mawimbi yako na nguvu, mtangazaji anasikika safi hata sauti ikiwa chini. Ukienda mahali mawimbi ni hafifu, unaongeza sauti ndio usikie maneno, na ile shhhh nayo inapanda. Kitufe cha sauti hakikuleta shhhh. Ilikuwa hapo, umeikuza pamoja na mtangazaji. ISO ni hicho kitufe. Haiongezi mwanga hata kidogo. Inakuza kile kilichoingia.

Na kilichoingia kinaingia kwa matone. Hii ndio sehemu ilinishangaza nikiisoma, na niliisoma kwa saiba baada ya kuacha chuo, kwa hivyo kama wewe ni mwalimu wa fizikia nivumilie. Mwanga hauji kama maji ya bomba, unakuja kama manyunyu. Panga vikombe kumi nje mvua ikianza tu: hakuna viwili vitapata matone sawa. Panga mabeseni kumi na uache mvua inyeshe, tofauti haionekani. Kikombe kilichotarajiwa kupata matone 100 kinaweza kukosea kwa kama 10, yaani asilimia kumi. Beseni la matone 10,000 linakosea kwa kama 100, asilimia moja tu. Hizo tofauti kati ya kikombe na kikombe, ukizikuza, ndizo noizi. Noizi ni uhaba wa mwanga. ISO ni shahidi tu, na sisi tumeamua kumshtaki shahidi.

Kamera ndogo ni kikombe. Sensa ya nyingi kati ya hizi kamera za mtumba, hizi zimerudi kwa fasheni na kila mtu anataka picha za kufanana na 2009, ina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6. Hiyo ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Kamera kubwa ya yule jamaa wa YouTube ina 36 kwa 24. Ukipiga hesabu ya eneo, yake ni mara thelathini ya yako. Yeye ameweka sufuria nje, wewe umeweka kifuniko cha soda.

Utaniambia, basi si hiyo ndio sababu ya kuweka ISO chini? Hapana, na hapa ndipo watu wanapotea. Ukiiweka chini na mwanga ni ule ule, kamera ina njia mbili tu. Ya kwanza, inaacha mlango wazi muda mrefu, na kila kitu kinachotikisika kinakuwa ukungu. Ya pili, inakupa picha ya giza, halafu wewe unaenda kuipandisha kwa simu. Kupandisha kwa simu ni kuongeza sauti ile ile kwa redio mbovu zaidi, kwa sababu faili ya JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi na sehemu za giza zimepewa chache. Unachokipata ni noizi ile ile na mistari na rangi ya udongo juu yake. Picha iliyopigwa na mwanga wa kutosha kwa ISO 800 inaishinda mchana kweupe ile ya ISO 100 uliyoipandisha baadaye.

Tufike kwa ngozi. Noizi haikai kila mahali sawa. Inakaa gizani, pale matone yalikuwa machache. Na kwa picha ya watu wetu, uso ndio mara nyingi uko upande wa giza. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo kuliko shati jeupe, huo ni ukweli wa kawaida usio na matusi ndani yake. Matusi yanaanza pale kamera inapoamua nani apewe mwanga. Kipimo cha ndani cha kamera kinataka picha yote, kwa wastani, iwe kijivu cha katikati. Ikiona vyeupe vingi inajifunga.

Nenda Tabaka uone. Wanaume wanachonga mawe ya sabuni, akina mama wameketi na mabeseni ya maji wanalainisha kwa msasa, na vumbi jeupe limekaa kila mahali, kwa miti, kwa nguo, kwa kope. Ukielekeza kamera na kuiachia akili yake, inaona weupe na kupunguza mwanga. Unapata kiboko cha jiwe kilichotoka vizuri ajabu, kila mkwaruzo unaonekana, na nyuma yake mama aliyekilainisha ni kivuli chenye kitambaa. Nimeona picha nyingi za Tabaka za aina hiyo, mtandaoni na kwa kuta za maduka. Jiwe lina uso kuliko mtu. Dawa yake ni kitufe kimoja chenye alama ya kuongeza na kupunguza: weka +1, acha ISO ipande hadi 400, na kama jiwe litaungua likose alama zake, liungue. Jiwe litabaki Tabaka. Hiyo picha ni ya mama.

Sasa ile ya jikoni. Magokoro wangu ako upande wa Nyamira, na ana nyumba nzuri yenye sebule na stima. Kwa sebule yenye balbu moja, lenzi ikiwa wazi kwa f/2.8, ISO 100 inataka karibu robo sekunde. ISO 1600 inataka kama 1/60. Lakini magokoro haketi sebuleni. Sebule ni ya wageni na vitambaa. Yeye ako jikoni, nyumba yake ya nje, moto wa kuni, dirisha la ukubwa wa kitabu, na saa moja jioni hapo ISO 100 inataka sekunde nzima. Mtu anayesonga obokima hawezi kukupatia sekunde nzima. Hata mwiko hauwezi. Kwa ISO 1600 unapata kama 1/15, unaegemeza kiwiko kwa fremu ya mlango, unashika pumzi, unapiga mara sita, na mara moja kati ya hizo sita ametulia akionja. Nilipata hiyo moja. Ina chembe kama ugali wa wimbi. Na ina macho yake.

Flashi je? Kwa sherehe sina shida nayo, hata naipenda, ile nyuso zinang'aa na nyuma ni usiku. Lakini kwa jikoni ya kuni flashi inazima moto. Si kihalisi, ila mwanga wa moto uliokuwa kwa shavu lake unafutwa, na moshi unageuka madoa meupe mbele ya lenzi. Umepiga picha ya flashi yako.

Kitu kinachonikasirisha zaidi ya noizi ni kusafisha noizi. Kuna programu ndani ya karibu kila kamera ndogo, inafanya kazi kabla wewe hujaona picha. Inaangalia pikseli na majirani wake, inawalinganisha, yule anayetofautiana kidogo anavutwa afanane na wenzake. Shida ni kwamba haijui chembe ni gani na kunyanzi ni gani. Kwake kitundu cha ngozi, unywele mmoja mweupe kwa nyusi, chanjo ya zamani kwa mkono, yote ni tofauti ndogo ndogo za kulainishwa. Na kwa ngozi nyeusi kwa mwanga mdogo, tofauti hizo ni ndogo zaidi, kwa hivyo zinaenda kwanza. Shati linabaki na uzi wake. Uso unakuwa plastiki.

Hii si mara ya kwanza. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mzungu. Kadi zote zikaitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa za mwanzo. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengeneza filamu Jean-Luc Godard alienda kufanya kazi Msumbiji na akaikataa filamu ya Kodak, akisema ina ubaguzi. Na unajua ni nani walisukuma Kodak kurekebisha rangi za kahawia? Si sisi. Watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, walilalamika kwamba chokoleti ya maziwa na ile nyeusi zinatoka sawa, na mbao hazitofautiani. Chokoleti ilisikizwa mbele ya watu. Sai mambo yamesonga: Tecno wamejenga jina la simu za Camon kwa kuahidi kuonyesha ngozi nyeusi vizuri, na Google walileta Real Tone kwa Pixel 6 mwaka 2021. Nawapa heko. Lakini simu hizo hizo zina kile kitelezi cha urembo, na mara nyingi unakikuta kimewashwa, na kinafanya kazi ile ile ya kulainisha kwa jina tamu zaidi.

Kama unafikiri haya ni mambo ya watu wa kamera tu, angalia vijitabu vya mazishi. Umeketi chini ya tenti, unapewa karatasi, mbele kuna picha ya marehemu. Unajua ile picha ilivyopatikana. Usiku watoto walipekua simu zao zote, wakapata harusi ya mtu mwingine, marehemu ako nyuma kwa safu ya tatu, wakamkata hapo, wakamkuza, akawa na chembe. Mtu wa kuchapisha akasema msijali, nitasafisha. Akasafisha. Sasa mama wa miaka themanini na kitu, aliyelima, aliyezika, aliyecheka mpaka pembe za macho zikachimbika mifereji, ana ngozi ya msichana wa tangazo la losheni. Nimekaa kwa mazishi nikasikia mzee mmoja akiuliza jirani yake, kwa sauti ya chini, huyu ni nani. Alikuwa shemeji yake.

Hiyo ndiyo picha itawekwa kwa fremu. Ndiyo mtoto atakayezaliwa 2040 ataonyeshwa aambiwe, huyu ndiye umepewa jina lake. Na sisi hapa majina tunarudisha, unajua mwenyewe. Mtoto atatafuta uso wake kwa ile picha na hataupata, kwa sababu kuna mtu aliogopa chembe.

Rafiki yangu mmoja anapiga harusi Nyamira na tumebishana hii maneno mpaka chai ikapoa. Hoja yake ni ya pesa na siidharau: mteja akiona chembe anasema umetumia kamera ya bei ya chini, analipa nusu. Sawa. Lakini muulize mteja anaiona wapi. Anaiona akivuta picha kwa vidole mpaka pua ijaze kioo. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000. Ukiionyesha kwa kioo chenye upana wa pikseli 1000, kila nukta ya kioo ni wastani wa pikseli kumi na sita, na wastani wa kumi na sita unapunguza noizi mara nne. Bure, bila programu, na kunyanzi inabaki. Chapa kwa karatasi ya ukubwa wa daftari, ni vile vile. Ukungu wa kutikisika hautoki kwa njia hiyo, na uso uliolainishwa haurudi kwa njia yoyote.

Nakubaliana naye kwa kitu kimoja. Kuna noizi mbaya na noizi mbaya zaidi. Ile ya mwangaza tu, inayofanana na mchanga, macho yanaizoea. Ile ya rangi, madoa ya zambarau na kijani kwa kivuli cha shingo, hiyo inachosha, na kamera yangu ya betri mbili za AA inaitoa kwa wingi ikifika ISO 1600, ambapo ndipo mwisho wake. Kwa hizo nageuza picha iwe nyeusi na nyeupe na maisha yanaendelea. Na ukienda kupiga mashamba ya majani chai ya Kebirigo asubuhi ukungu ukipaa, tafadhali, ISO 100. Chai haina haraka.

Basi ninavyofanya mimi: kwanza natafuta mwanga kabla sijagusa kitufe chochote. Naomba mtu asogee mlangoni, hiyo pekee inashinda mpangilio wowote. Pili, sivuti zumu. Lenzi nyingi za kamera ndogo zinaanza f/2.8 zikiwa hazijavutwa, na ukizivuta mwisho zinafika kama f/5.9, yaani umepoteza zaidi ya robo tatu ya mwanga ndio usitembee hatua nne. Tembea. Tatu, napandisha ISO mpaka picha isitikisike, na naongeza mwanga mpaka uso uwe uso, gauni jeupe litajijua. Mwisho naingia kwa menyu natafuta mahali pa kupunguza noizi, na kama kamera inaruhusu naweka chini kabisa au nazima. Nyingi za bei rahisi haziruhusu, hapo huna la kufanya.

Kama bado hujanunua, usidanganywe na megapikseli, wala na ISO kubwa iliyoandikwa kwa kibandiko. Kuandika 6400 ni rahisi, ni volume tu. Uliza ukubwa wa sensa. Fujifilm FinePix F30 ya mwaka 2006 ilikuwa na megapikseli 6 tu, na ilisifiwa kwa kazi ya usiku kuliko kamera nyingi zilizokuja baadaye na namba kubwa, kwa sababu walichagua vikombe vichache vikubwa. Sony RX100 ya 2012 ina sensa yenye eneo mara nne ya hizi za punje ya mahindi, ukiipata ikiwa nzima na bei haikuui, chukua.

Ile ya jikoni niliichapisha mwezi uliopita. Kijana wa pale dukani aliifungua kwa kompyuta, akakunja uso, akaniuliza kama asafishe kwanza. Nikamwambia asiguse. Akaniangalia, akavuta picha mpaka macho ya magokoro yakajaza kioo, akakaa hapo kidogo. Halafu akauliza, "Huyu ni wa wapi? Anafanana na wa kwetu."